Orodha ya Vihusishi Itoke Darasani

Imo karatasi moja katika majalada ya walimu wengi wa lugha hapa Uganda, nami nimeikuta karibu katika kila shule niliyopata kufundisha. Ina safu mbili. Kushoto yamepangwa maneno mafupi ya Kiingereza: “in”, “on”, “at”, “to”, “from”, “by”, “with”, “for”, “about”. Kulia yamepangwa maneno ya Kiswahili yanayodaiwa kuwa ndiyo maana zake: katika, juu ya, kwenye, kwa, kutoka, na, pamoja na, kwa ajili ya, kuhusu. Mwalimu wa Kiingereza huisoma kutoka kushoto kwenda kulia. Mwalimu wa Kiswahili huisoma kutoka kulia kwenda kushoto. Na aghalabu walimu hao wawili ni mtu mmoja mwenye vipindi vingi na mshahara mmoja. Wanafunzi huinakili, huikariri, kisha hutahiniwa kwayo. Nakusudia kuonyesha katika makala haya kwamba karatasi hiyo haifai kuwamo darasani hata siku moja, kwa kuwa inaharibu Kiingereza cha wanafunzi wetu na inaharibu Kiswahili chao papo hapo.

Wapo watakaosema kwamba nakuza jambo dogo. Maneno ya herufi mbili au tatu, watauliza, yana uzito gani hata yaandikiwe makala? Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha insha za kidato cha pili anaweza kuwajibu. Mwanafunzi huweza kujua maneno magumu ya sayansi na siasa, akayaandika bila kukosea hata herufi, kisha akateleza kwenye “at”. Tena haponi kwa kusahihishwa, kwa maana sahihisho humwambia kwamba amekosea, lakini halimwambii kwa nini.

Tuipime orodha hiyo kwa mambo yanayoonekana kwa macho. Imeandikwa kwamba “on” ni juu ya. Haya, picha imetundikwa ukutani. Mwingereza atasema iko “on the wall”. Mwanafunzi aliyekariri orodha akigeuza maneno hayo kwa Kiswahili atasema picha iko juu ya ukuta, na Mswahili atakayemsikia atainua macho atazame kule ukuta unakokomea, aone kama picha imewekwa huko pamoja na vigae vya chupa vya kuzuia wezi. Nzi aliyetua darini ni “on the ceiling”; nzi aliye juu ya dari hatumwoni, yuko gizani na panya. Pete iko kidoleni, haiko juu ya kidole. Abiria waliomo ndani ya basi kwa Kiingereza wako “on the bus”, ilhali wakipanda gari dogo watakuwa “in the car”. Embe likiwa mtini ni “on the tree”, lakini ndege aliyekuja kulidonoa ni “in the tree”. Mswahili kwa embe na kwa ndege alitosheka na mtini.

Ukweli ni kwamba “on” haina kazi ya kutaja juu. Kazi yake ni kusema kwamba kitu kimegusana na uso wa kitu kingine na kinashikiliwa nao, uso huo uwe umelala kama wa meza, umesimama kama wa ukuta, au umeinama kutuangalia kama wa dari. “In” husema kwamba kitu kimezungukwa. “At” humwambia msikilizaji asishughulike na umbo la mahali hapo hata kidogo, apachukulie kama nukta tu katika ramani. Ndiyo sababu meza iliyo katika pembe ya chumba iko “in the corner”, maana kuta mbili zimeikumbatia, na mtu anayengoja katika pembe ya barabara yuko “at the corner”, maana pale ni mahali pa kukutania na basi. Mwingereza anapotaja mahali hujiuliza kwanza pana umbo gani.

Mswahili hajiulizi hivyo. Yeye hujiuliza mambo mengine mawili. Kwanza, je, mahali hapo panajulikana barabara, au ni huko kwa jumla, au ni ndani? Hapo huchagua baina ya pa, ku na mu: nyumbani pale, nyumbani kule, nyumbani mle. Pili, je, mtu anaelekea wapi? Na jibu la swali hili halitii katika jina wala katika neno linalotangulia jina. Hulitia katika kitenzi. Yuko shuleni, amekwenda shuleni, ametoka shuleni, amepitia shuleni. Neno shuleni halikubadilika hata mara moja. Kiingereza kinadai “at school”, “to school”, “from school”, kila mwendo na kihusishi chake. Kwa hiyo -ni si “in”, wala si “at”, wala si “to”. Husema tu kwamba jina hili sasa tunalichukua kuwa ni mahali. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kwenye na -ni ni sawa na “at” ataandika “He has gone at school”, na mwalimu aliyempa orodha ndiye huyo huyo atakayempigia mstari mwekundu.

Hapa nina neno na walimu wenzangu wa maeneo ya Kibantu. Tunamfundisha Kiingereza mtoto ambaye tayari ana kipimo cha “in” na “on” mdomoni mwake, nasi tunamwambia akitupe. Mtoto wa Kiganda husema mu nnyumba, ku mmeeza. Picha iliyo ukutani kwake iko ku kisenge, kama vile kwa Mwingereza ilivyo “on”. Jirani yake wa Rwanda husema mu nzu, ku meza. Kwa nini basi somo la kwanza la “in” na “on” lisianzie mu na ku, ambazo mtoto hazikosei hata usingizini, bali lianzie katika na juu ya, maneno ya lugha ya tatu aliyojifunza juzi? Yatabaki ya kufafanuliwa, ndiyo: ndege na mti wake, basi na gari dogo. Lakini yatakuwa machache yanayohesabika, nayo yatasimama juu ya msingi. Na mtoto huyo huyo akifika kwenye kipindi cha Kiswahili, mu yake ndiyo itakayomfundisha kusema nyumbani mna watu, kama asemavyo kwao mu nnyumba mulimu abantu. Orodha itamfundisha nini hapo? Itampa katika, na atasema katika nyumba kuna watu, sentensi isiyo na kosa wala ladha. Lugha za Kiacholi na Kiteso si za Kibantu, na mwalimu wa huko ataanzia pale zinapoanzia lugha hizo. Yeye pia hana sababu ya kuzunguka kupitia orodha.

Lakini mahali ni baraza tu ya nyumba hii. Uharibifu mkubwa umefanyika ndani, kwenye kitenzi.

Wanafunzi wetu huandika “I have no pen to write” na “Give me a chair to sit”. Mwalimu humwambia mwanafunzi kwamba amesahau kihusishi. Mwanafunzi hutazama orodha yake asione pa kushika, kwa sababu alifundishwa kwamba kihusishi hutangulia jina, na hapa hakuna jina la kutanguliwa, sentensi imekwisha. Sasa mpeni mwanafunzi huyo Kiswahili cha wenyewe. Msemaji mzuri hasemi kalamu ya kuandika, husema kalamu ya kuandikia. Hasemi kiti cha kukaa, husema kiti cha kukalia. Chungu cha kupikia, kisu cha kukatia nyama, maji ya kuogea, kitanda cha kulalia, fimbo ya kutembelea. Ile -ia au -ea iliyopachikwa mwishoni ndiyo kile kihusishi anachokililia Mwingereza: “a pen to write with”, “a chair to sit on”, “a pot to cook in”. Kiko mahali pale pale, mwisho kabisa. Mtoto wa Kiganda anaye shahidi wa karibu zaidi: husema entebe ey'okutuulako, na hiyo -ko ya mwisho ni “on” tupu. Atakayeonyeshwa jambo hili mara moja hatahitaji kuambiwa amesahau kitu, kwa kuwa ataisikia -ia ikikosekana, kama mtu anavyosikia kiatu kimoja kinapokosekana miguuni.

Tofauti iliyobaki ni ndogo, nayo ni nzuri kuifundisha. Kalamu ya kuandikia na karatasi ya kuandikia kwa Kiswahili zina kitenzi kimoja. Jina lenyewe ndilo linalotueleza kama ni chombo au ni mahali. Kiingereza hakiliamini jina kiasi hicho, kwa hiyo kalamu hupewa “with” na karatasi hupewa “on”. Somo zima la vihusishi vya mwisho wa sentensi limo katika jozi hiyo moja.

Wapo walimu hapa kwetu ambao hata hivyo wanakata vihusishi hivyo kwa wino mwekundu, wakidai kwamba sentensi ya Kiingereza haipaswi kuishia kwa kihusishi. Wajue wanamtumikia nani. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimlaumu Ben Jonson, mwandishi aliyekwisha kufa miaka mingi nyuma, kwa kumalizia sentensi hivyo. Na alifanya hivyo kwa kutazama Kilatini, lugha ambayo kihusishi chake hakiachwi peke yake mwishoni. Waingereza wenyewe hawakuacha kusema “a chair to sit on”. Sisi, ambao lugha zetu zimetupa kukalia na okutuulako, ndio tunaolinda amri ya Dryden.

Wala si mimi niliyegundua kwamba kihusishi cha Kiswahili kimo ndani ya kitenzi. Fungueni kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki chini ya uongozi wa Frederick Johnson. Kila penye umbo la kutendea, pigia, letea, somea, imewekwa alama ya mkato ya neno la Kiingereza lenye maana ya kihusishi. Jina hilo silipendi, kwa kuwa linakiangalia kitenzi chetu kwa miwani ya Kiingereza, na leo tunasema kauli ya kutendea. Hata hivyo Mwingereza wa mwaka 1939 alitazama pigia akaona kihusishi kimo. Mwalimu wetu anatazama pigia haoni kitu, akaenda kutafuta kihusishi katika orodha.

Nitatoa mfano mmoja ambao kwangu ndio ufunguo wa jambo zima. Kosa lililoenea kupita yote katika Kiingereza cha Afrika Mashariki, kuanzia darasani hadi mikutanoni, ni “discuss about”. Tumelikemea kizazi baada ya kizazi, halikomi. Haliwezi kukoma maadamu tunafundisha kwamba “discuss” ni kuzungumza. Kuzungumza hakubebi jambo linalozungumzwa. Kunahitaji kuhusu, au juu ya. Mwanafunzi kwa akili yake safi analeta “about”. Lakini “discuss” si kuzungumza. “Discuss” ni kuzungumzia. Uhusiano umekwisha kutiwa ndani. Tumezungumzia bei ya kahawa: hapana kihusishi. “We discussed the price of coffee”: hapana kihusishi. Mwanafunzi akilipata hilo, “discuss about” itamkwaruza sikio kama inavyopaswa kumkwaruza “kuzungumzia kuhusu”.

Nimesema inavyopaswa, kwa sababu siku hizi haimkwaruzi. Sikilizeni redio zetu: viongozi wamezungumzia kuhusu hili, wataalamu wameongelea juu ya lile. Kosa lililozaliwa katika Kiingereza kibovu limevuka na kuingia katika Kiswahili, ambako halikuwa na sababu hata moja ya kuishi. Hiyo ndiyo kazi ya orodha. Inamzoesha mtu kuamini kwamba palipo na uhusiano lazima pawe na neno dogo la kuusimamia, hata kama kitenzi kimekwisha kuubeba.

Kuna upande wa pili wa sarafu hii, wa vitenzi vya Kiswahili vilivyoshiba na vya Kiingereza vyenye njaa. Namngoja mwalimu, nawasikiliza wazee, natazama mchezo, natafuta kalamu, naomba maji. Hapana kihusishi popote. Kiingereza kinataka “wait for”, “listen to”, “look at”, “look for”, “ask for”, nao wanafunzi huandika “I am waiting you” na “Listen me”. Orodha haiwezi kuwasaidia, kwa sababu neno la Kiswahili la kuligeuza halipo. Njia ni moja: mwanafunzi ajifunze kitenzi pamoja na kihusishi chake kama neno moja lenye vipande viwili. Afundishwe kwamba “look” ni shina tu, na kwamba “look at” ni kutazama, “look for” ni kutafuta, “look after” ni kutunza, “look into” ni kuchunguza, “look down on” ni kudharau. Mswahili hunyambua kitenzi kwa kukiongezea viambishi mwishoni; Mwingereza hunyambua chake kwa kukifungia maneno madogo nyuma. Mtoto aliyekwisha kuzoea pika, pikia, pikisha, pikiana, hashangazwi na mnyambuliko.

Nisijidai kwamba mnyambuliko wetu unajibu kila kitu. Uko “by”, ambao ni msitu. Kwa mtendaji ni na: aliumwa na nyoka. Kwa chombo cha safari ni kwa: kwa basi, lakini kwa miguu ni “on foot”, usiniulize sababu. Kwa mahali ni kando ya. Na katika wakati, “by Friday” ni ifikapo Ijumaa, ilhali “until Friday” ni hadi Ijumaa, na wanafunzi wengi wamechelewesha kazi au wameambiwa wamechelewesha kwa kuchanganya mawili hayo. Hapa pa kukariri ni pa kukariri. Nasema tu kwamba kinachokaririwa kiwe ni fungu zima la maneno lenye maana, si herufi mbili zikiwa pweke.

Sasa niseme juu ya hasara ya Kiswahili, ambayo ndiyo iliyonitia kalamu mkononi. Mtu aliyelelewa na orodha akitaka kusema kwamba mama amewanunulia watoto vitabu, atasema mama amenunua vitabu kwa ajili ya watoto. Sentensi inaeleweka, ni kama mguu wa bandia, unatembea. Akitaka kusema alimfungulia mgeni mlango, atasema alifungua mlango kwa mgeni, na hapo tayari msikilizaji ana shaka. Akisema amepika chakula kwa mama, shaka imekwisha, ila maana imegeuka: Mswahili anaelewa kwamba alikwenda nyumbani kwa mama akapika huko. Alitaka kusema amempikia mama. Na aliyefiwa na baba yake atasemaje huyu? Atasema baba yake alikufa, akimwacha mfiwa nje ya sentensi, wakati kitenzi cha kufiwa kimeundwa ili mwenye msiba awe ndani yake. Kiingereza chenyewe, kikitaka kumtia mwenye msiba, hutapatapa na “died on him”, maneno ya mtaani yenye harufu ya lawama. Tuna lugha yenye kitenzi kinachobeba huruma hiyo kwa irabu moja, nasi tunaifundisha kwa karatasi isiyo na nafasi ya irabu hiyo.

Kutokana na karatasi hiyo hiyo umezuka msemo kwamba Kiswahili ni maskini wa vihusishi. Nimeusikia katika semina, ukisemwa na watu wenye shahada. Wanahesabu safu ya kushoto, wanahesabu ya kulia, wanaona kulia maneno yanajirudia, wanatoa hukumu. Wangeijua historia ya Kiingereza wangenyamaza. Kiingereza cha kale, kile cha zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, hakikutegemea vihusishi kiasi hiki. Majina yake yalikuwa na viambishi vya mwisho vilivyoonyesha nani ametenda, nani ametendwa, nani amepewa, nani ni mwenye mali. Viambishi hivyo vilikufa karne baada ya karne, na vihusishi vikaitwa kuziba pengo. Wingi wa vihusishi vya Kiingereza, kwa sehemu kubwa, ni wingi wa magongo ya mtu aliyevunjika miguu. Sisemi hivyo kwa dharau, maana lugha hiyo inatembea nayo vizuri sana; nasema tu kwamba hatumwiti maskini mtu asiye na magongo.

Tena magongo hayo hayakudumu na kazi moja. “With” ya leo, yenye maana ya pamoja, zamani ilikuwa na maana ya dhidi ya, na alama yake imebaki katika “fight with”. “Of” na “off” zilikuwa neno moja. “About” ilianza kwa maana ya kuwa nje ya kitu, ukikizunguka. Ndiyo maana sina ugomvi na wale wanaosema kitabu juu ya kilimo, ijapokuwa wapo wanaowakemea. Juu ya imetoka mahali ikaenda kwenye habari, kama “about” ilivyofanya. Hiyo ni safari ya kawaida ya maneno. Na mwanafunzi anayeshangaa kwamba “fought with the soldiers” haituambii kama mtu alikuwa upande wa askari au upande wa adui zao, aambiwe atazame alipigana na askari, aone kama Kiswahili kimemtendea wema zaidi.

Wenye kuitetea orodha hunijibu kwamba ni ngazi ya mwanzo, na kwamba mtoto ataiacha atakapokua. Haachi. Kinachofundishwa kwanza ndicho kinachokaa chini kabisa. Na wakati wa kusema hayo ni sasa. Katiba ya Uganda iliporekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Rwanda, iliyoamua mwaka 2008 kufundishia kwa Kiingereza, ilikifanya Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha zake rasmi mwaka 2017. Maana yake ni kwamba watoto wengi sana watakipata Kiswahili mikononi mwa walimu wanaokieleza kwa Kiingereza. Tukiwapa orodha, hawatajifunza Kiswahili. Watajifunza Kiingereza kilichovikwa kanzu. Na Kiingereza chenyewe hawatakijua zaidi kwa hilo.

Jibu la mwisho wanalonipa ni mtihani. Mtahini, wanasema, hakuulizi kunyambua; anakupa pengo anakutaka ujaze. Na tulitazame pengo basi. “There is nothing to sit ____.” Aliyekariri orodha anapapasa tisa, anachagua kwa bahati. Aliyepitia kwenye kitenzi anasema moyoni hakuna cha kukalia, anasikia uso wa kiti, anaandika “on”, anaendelea. “She has nobody to talk ____.” Hana wa kuzungumza naye: yule na aliyebaki amejishika kwenye -ye ndiye anayemwambia kwamba pengo linataka neno, nalo ni “to” au “with”. Halafu lije pengo la tatu, “He has nothing to write ____”, ambalo mtahini ameliwekea jibu moja tu katika karatasi yake ya kusahihishia. Mtoto anayejua kuandikia atainua mkono aulize kama kilichokosekana ni kalamu au ni karatasi, na msimamizi wa mtihani itambidi ampelekee mtahini swali hilo.